Maoni yangu kuhusu gereji iliyonitafutia ugonjwa wa pikipiki inayochomoka gia ukivuta mafuta

Wakuu nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo: kwenye kutafuta ugonjwa hii gereji naipa nyota 5 bila kujiuliza, kwenye kufunga na kukabidhi naipa 3, kwenye kutunza ahadi ya muda naipa 1 na hiyo 1 ni ya huruma. Ukichanganya zote mi naweka 4. Jina la gereji sitaji maana nataka tuongelee kazi ilivyofanyika, siyo kumpigia mtu matangazo, na wewe fundi wako popote alipo unaweza kumpima kwa haya haya.

Ugonjwa wenyewe wengi mnaujua. Pikipiki ya kawaida ya kazi, silinda moja, gia 5, ukiwa kwenye gia ya pili ukavuta mafuta kwa nguvu, hasa mlimani au umebeba mtu, inapiga TAK! resi inapanda juu injini inalia peke yake, tairi haisukumwi, alafu sekunde hiyo hiyo ama gia inajirudisha yenyewe kwa kishindo ambacho unakisikia mpaka kwenye mgongo, ama inabaki inaelea mpaka ukanyage pedali tena. Ukienda pole pole haina neno kabisa, inatulia kama mpya, ndo maana ukimpelekea fundi akaizungusha hapo nje ya gereji anakwambia mbona nzima.

Kabla ya hapa ilipita gereji nyingine ambayo jibu lilitoka kabla sijamaliza kueleza, "hiyo klachi bosi", zikabadilishwa pleti za klachi na springi zake, nikakabidhiwa, mlima wa kwanza TAK. Sasa klachi mpya, ugonjwa ule ule. Na kiukweli hapa ndo watu wengi wanapoliwa hela, kwasababu ukisema tu "pikipiki inateleza nikivuta mafuta" hayo maneno yanabeba magonjwa matatu tofauti kabisa na kila moja lina spea zake.

Huyu fundi wa pili kilichonifurahisha kwanza hakushika spana. Alisimama pembeni ya pikipiki akawa anauliza maswali, tena maswali ya maana. Ikiruka inapiga mlio au inateleza kimya kimya? Ni gia moja au zote? Inaruka ukivuta mafuta au ukiyaachia? Ikiruka, pedali inakupiga mguuni au imetulia? Taa ya frii inawaka? Hilo la mwisho kusema ukweli sikuwahi kuulizwa na mtu.

Akanielezea kwanini anauliza na hapa nitatulia kidogo maana ndo utamu wenyewe wa hii huduma. Klachi ikiwa imeisha inateleza kimya. Resi inapanda taratibu, spidi haifuati, hamna mlio wa chuma, hamna kishindo, na pikipiki inabaki kwenye gia ile ile muda wote, ukipunguza mafuta inashika tena kama hamna kilichotokea. Tena klachi mbovu huanza kujionyesha kwenye gia kubwa, ya nne na ya tano, kwasababu huko ndo mzigo unaikamua zaidi, siyo gia ya pili peke yake. Kwahiyo mtu akikwambia klachi wakati gia ya pili tu ndo inaruka na zingine zote zinavuta vizuri, muulize klachi inajuaje kwamba uko gia ya pili?

Cheni nayo inadanganya sana. Ikilegea sana au sproketi ya mbele ikiisha meno, ukivuta mafuta inaruka jino, unasikia krrak krrak chini karibu na mguu, unaweza kuapa ni gia. Tofauti yake ni kwamba cheni inaruka kwenye gia yoyote ile ukiipa mzigo, na resi haipandi ikabaki juu, inadunda tu. Na ugonjwa wa tatu ndo wenyewe, gia kuchomoka kweli ndani ya gia boksi, huo una mlio mmoja mkavu, resi inaruka ghafla kama umeshika klachi, na mara nyingi umekaa kwenye gia moja maalum.

Akaichukua barabarani akaniambia nipande nyuma, mzigo upatikane. Hapo nilimkubali. Alikuwa anafanya kitu kimoja kwa kila gia, anaenda taratibu, anavuta mafuta kwa nguvu, anaachia ghafla, anavuta tena. Gia ya kwanza kimya. Ya pili ikatema. Ya tatu, nne, tano hamna. Alafu akarudia ya pili huku ameweka mguu juu juu kwenye pedali bila kuikandamiza, anasikilizia. Kwenye hizi za gia ya kwanza chini, frii katikati, zingine juu, gia ya pili ikichomoka na taa ya frii ikawaka hata kwa kupepesa, ina maana ile drumu ya kubadilishia gia imejizungusha yenyewe kurudi frii. Isipowaka na pedali haijatikisika unaanza kushuku foki, ule uma wa ndani unaosukuma gia pembeni, kwamba imepinda au imeliwa. Ni dalili tu, siyo hukumu, yeye mwenyewe alisema hivyo. Ya kwetu taa ilipepesa.

Na kuhusu klachi, kuimaliza kabisa hiyo kesi, akaingiza gia ya tano kwenye mwendo mdogo akafungua mafuta yote, injini ikagugumia tu ikawa inapanda kidogo kidogo pamoja na spidi. Klachi inayoteleza hapo resi ingekimbia yenyewe. Kesi ya klachi ikafungwa.

Tuliporudi bado hakufungua injini!! Alianza na vitu vya nje ambavyo fundi mwingi anaona aibu kuvigusa kwasababu havilipi. Pedali ya gia, aliitikisa aone kama imelegea kwenye yale meno yake ya shafti, akaangalia kama ikipanda juu inagonga chuma chochote, maana pedali iliyopindishwa na kuanguka ikigonga kibao cha mguu au gadi inazuia gia isiingie mpaka mwisho, na gia iliyoingia nusu lazima itoke ukiipa mzigo. Akaangalia waya wa klachi una ulegevu kiasi gani, pikipiki nyingi ndogo manyuali (kitabu cha maelekezo) inataka milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi. Cheni ilikuwa imelegea kidogo akaikaza akairudisha barabarani, bado TAK. Sproketi ya mbele akaishika na mkono akaizungusha huku na huku aone kama imeliwa kwenye shafti. Nzima.

Oili akaimwaga kwenye beseni safi, akaipitisha kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha nati ya kumwagia ambayo ina sumaku. Uji mweusi laini kwenye sumaku ni kawaida, hiyo ni chuma inayosagika siku zote. Kilichomfanya anyamaze ni vipande viwili vidogo vyenye kona, vinang'aa upande mmoja. Kucha ya kidole gumba ingevifunika vyote. "Hii siyo pleti ya klachi," akasema, "pleti ikiisha inaacha vumbi jeusi linanuka kuungua, hii ni jino."

Kwenye oili pia alinipa somo ambalo nalileta kwenu: kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, kwahiyo ukiweka oili ya gari, hasa zile za kupunguza ulaji wa mafuta, zina dawa ya utelezi na klachi inaanza kuteleza hata kama ni mpya. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, hizo ni alama za viwango vya oili za pikipiki. JASO MB hiyo ni ya skuta ambazo klachi yao ni kavu. Ila, na hili alilisisitiza, oili mbaya inaweza kukuletea klachi kuteleza au gia kuwa ngumu, lakini haiwezi kutengeneza vipande vya chuma kwenye sumaku ndani ya usiku mmoja, kwahiyo anayekwambia badilisha oili tu gia itaacha kuruka anakupotezea muda.

Baada ya hapo ndo akafungua, na alifungua upande wa klachi peke yake kwanza, bila kushusha injini. Sababu yake ina akili. Nyuma ya klachi kwenye injini nyingi za aina hii kuna kile kinyota kinachokaa kwenye mwisho wa drumu ya gia, na kuna mkono mdogo wenye kirola na springi unaokandamiza kwenye mabonde ya kinyota. Hicho ndo kinachoishikilia drumu isizunguke yenyewe ukishaingiza gia. Springi ikikatika au ikichoka, au kirola kikikwama, au nati ya kinyota ikilegea, gia zitatoka hata kama gia boksi nzima ni mpya. Spea ndogo, kazi ndogo, na ukiwa na bahati ugonjwa unaishia hapo. Kwetu springi ilikuwa na nguvu yake, kirola kinazunguka, nati imekaza. Springi ya kurudisha pedali nayo nzima. Na hapo alinikumbusha kwamba kinyota kibovu kingerusha gia zaidi ya moja.

Ndo akanigeukia akaniambia, "Bosi sasa hivi ndo nina haki ya kukwambia tupasue injini." Nimeipenda hiyo kauli mpaka leo.

Injini ikashushwa ikapasuliwa katikati, na mi nilikuwepo maana alikubali nikae, gereji nyingi wanakufukuza. Kwa ambaye hajawahi kuona: ndani ya gia boksi ya pikipiki zile gia zinazozungushana meno kwa meno zinakuwa zimeshikana muda wote, hazitoki. Kinachofanyika ukikanyaga pedali ni drumu kuzunguka, mifereji yake inasukuma foki, foki inasukuma gia moja pembeni, na hiyo gia ina meno makubwa ya ubavuni yanayoingia kwenye matundu ya gia ya jirani. Yakishikana hapo ndo umeingia gia. Sasa yale meno ya ubavuni hayachongwi wima, yanalala kidogo kwa ndani, digrii 3 mpaka 5 hivi, ili ukivuta mafuta mzigo wenyewe uzivute gia mbili zikumbatiane zaidi. Fundi alikunja vidole vya mikono miwili akavishikanisha kama ndoano akaniambia vuta, nikavuta mikono haiachii. Akanyoosha vidole kidogo tu, akasema vuta tena. Viliteleza mara moja.

Hiyo ndo gia ya pili ilivyokuwa. Alinipa mkononi nikaipitishia kucha. Upande mmoja wa jino, ule unaobeba mzigo ukiachia mafuta, kona ni kali kucha inakwama. Upande wa pili, unaobeba mzigo ukivuta mafuta, kona imekuwa ya mviringo inang'aa, kucha inapita bila kusimama, na jino moja limemeguka, ndo vile vipande vya kwenye sumaku. Kwahiyo badala ya mzigo kuvuta gia zishikane, mviringo unazisukuma ziachane, na kadri unavyovuta mafuta ndo zinasukumwa zaidi, ndo maana pole pole haina shida. Mwenye kuzuia anabaki foki peke yake. Na foki nayo kumbe ilikuwa imeshalipa: ncha moja imekuwa ya bluu kwa moto na ukiiweka pembeni ya nzima unaiona kwa macho imekonda. Akaipima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, hata hivyo, akalinganisha na kipimo cha kwenye manyuali kwenye simu yake. Kwenye hicho kitendo cha kupima badala ya kukisia naongeza nusu nyota.

Kwanini gia ya pili ndo inakufa mapema kwa wengi nilimuuliza. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili unapita frii katikati, na tofauti ya mwendo kati ya hizo gia mbili ni kubwa kuliko hizo za juu, ukipandisha kwa mguu mlegevu au bila kushika klachi vizuri meno yanakutana kona kwa kona kabla hayajaingia. Yanagongana, kona inakula, siku moja unaanza kusikia TAK.

Kwenye tiba alinipa njia mbili bila kunilazimisha. Ya kwanza kununua gia mpya, tena mbili zinazoshikana, yenye meno na yenye matundu, kwasababu ukiweka jino jipya kwenye tundu lililoliwa linaisha haraka, pamoja na foki mpya na zile klipu na washa za kwenye shafti, klipu haziregeshwi za zamani. Ya pili kupeleka gia kwa mchongaji zirudishiwe ule mlalo, na hiyo akasema ni halali kabisa kama chuma bado ipo na jino halijameguka, ila la kwetu limemeguka. Kuna ya tatu ambayo mtaani ipo sana, kujazia kwa kuwelda, hiyo aliikataa kwa mdomo mpana kwasababu moto unaharibu ugumu wa chuma na kipande kikitoka kinaingia katikati ya gia zinazozunguka. Nikachukua ya kwanza. Spea za zamani zote nilikabidhiwa kwenye mfuko bila kuomba.

Sasa tuje kwenye manung'uniko maana siyo malaika. Muda. Aliniahidi siku, siku ikapita, nyingine ikapita, simu hapokei, akipokea "kesho asubuhi bosi", na sababu ya kweli niliijua mwenyewe nilipoenda, alikuwa ameagiza foki ikaja isiyo yake, ya injini nyingine inayofanana. Sasa si uniambie tu? Fundi mwenye akili ya kutafuta ugonjwa namna ile anashindwaje kusema "foki imekuja siyo"? Hii tabia inaniudhi kuliko hata hela.

Kufunga nako. Boliti za kava alikaza kwa mkono na hisia zake, wrenchi ya kupimia nguvu ipo imetundikwa ukutani imejaa vumbi. Gasketi mpya aliweka, hilo sawa, lakini bado kuna unyevu wa oili chini ya kava ya klachi baada ya kuiendesha kidogo, siyo kudondosha, ni unyevu, ila kwenye injini iliyotoka kufungwa sitarajii. Na pedali ya gia alinirudishia jino moja juu zaidi ya ilivyokuwa, mguu unalazimika kunyanyuka kuipata, kitu kidogo lakini pedali iliyokaa vibaya ndo inakufanya uingize gia nusu nusu, na yeye mwenyewe ndo kanifundisha hivyo! Nimeilegeza nikairudisha mwenyewe. Hamna karatasi pia, hakuandika nini kimebadilishwa, ukiuza pikipiki kesho huna cha kuonyesha zaidi ya huo mfuko wa vyuma.

Matokeo lakini siwezi kuyakataa. Gia ya pili inaingia kwa mlio mfupi mzito, ukivuta mafuta mlimani na mtu nyuma inashika mpaka unataka kwenda ya tatu mwenyewe. Nimejaribu ule mchezo wa kuvuta na kuachia ghafla, haitoki. Kwenye ya tatu kuna ugumu kidogo wa kuingia ambao naona ni wa gia kuwa mpya, naufuatilia. Oili ya kwanza baada ya kazi aliniambia niimwage mapema nisisubiri kilomita za kawaida, niangalie sumaku, nikakuta uji laini tu hamna chenye kona.

Nani aende gereji kama hii? Kama pikipiki yako inaruka gia na umeshabadilishiwa klachi bila mafanikio, tafuta fundi wa aina hii hata kama ni wa mbali, na umpe muda mara mbili ya anaokwambia. Kama ni kuziba pancha na kubadilisha oili usijisumbue, utakaa foleni bure.

Na kwa mtakaouliza kama mnaweza kuendelea kuiendesha hivyo hivyo huku mnatafuta hela: inatembea, ndiyo, ila kila TAK moja inakula kona nyingine na kile kinachomeguka kinazunguka kwenye oili kinafika kwenye beringi. Usikae nyuma ya lori ukategemea gia ya pili ikutoe. Vuta ya kwanza kidogo zaidi, ingia ya pili kwa mguu uliokamilika, mafuta taratibu, mapema uende ya tatu. Na usiishikilie pedali juu kwa mguu ili gia isitoke, najua wengi mnafanya hivyo, inasaidia kweli isiruke lakini hapo unaichoma foki, na ile ya bluu niliyonayo kwenye mfuko ndo ilipigwa hivyo.